Saa Zisizochukuliwa

Ngazi za jengo lile la Luthuli zilinuka lehemu,
na orofa ya tatu, nyuma ya pazia la maua,
Nzilani aliuza dakika.
Shilingi tano moja. Mkate ulikuwa ishirini na tano,
kwa hiyo nilijua hasa ninakula nini.

Chini ya ngazi baba alitengeneza saa.
Juu, mimi nilizimaliza.

Ombasa ndiye aliyenionyesha: bonyeza hapa,
ukurasa unavua nguo, unaona mifupa.
Niliona mabano yenye ncha, yakifunguka, yakifungwa,
kama mgeni anayevua viatu kila mlango
na kuvivaa tena akitoka.
Nikayanakili kwenye daftari la hesabu,
maana kalamu hailipiwi kwa dakika.

Ya nini? aliuliza Nzilani.
Sina jibu hata leo. Nilitaka tu kuona
kama neno la Nairobi laweza kukaa
mahali pasipo na Nairobi.

Nikaandika saa za droo ya baba,
zile ambazo wenyewe hawakurudi:

    ya kike, kamba nyekundu, kioo kimepasuka. Alisema "nakuja kesho." Aprili.
    ya dhahabu ya uongo, inatangulia dakika sita kwa siku.
    ya mfukoni, jina la nyuma limekwanguliwa.
    ya mtoto, mshale mmoja. Inajua saa, haijui dakika.

Zote kumi na moja. Na mwisho kabisa:
Kama ni yako, njoo. Tuko chini ya ngazi.

Maandishi ya njano juu ya buluu. Yaliumiza macho.
Niliyapenda.

Baba alipanda siku moja, lenzi ingali jichoni.
"Kiwanja hiki umemlipa nani?"
Ni cha bure, nikasema.
"Cha bure kina mwenyewe. Hajafika tu."
Akatazama pembe ya kioo: 14:07.
"Na hawa huanza kuhesabu wapi? Sasa ni saa nane."

Kihesabu cha wageni kilisoma 000038.
Niliwajua wote: thelathini na saba ni mimi,
mmoja Ombasa.
Kisha malaria. Wiki mbili sikupanda ngazi,
na stima ikapotea siku mbili juu yake.
Niliporudi: 000039.

Ombasa akakana. Nzilani akaapa kwa kaburi la nyanyake.
Nikalipa dakika kumi nzima
kuitazama ile tisa.

Mwaka uliofuata kampuni ikafunga,
kiwanja kikaenda na nyumba yake.
Baba hakusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Droo ninayo mimi sasa. Jana nimezihesabu mara mbili:
kumi.
Ile ya mtoto haipo,
na daftari la baba, kwa mwandiko wake wa mchwa, linasema
imechukuliwa.
Halisemi na nani.