Alhamisi, Saa Mbili Usiku

Kwetu Muheza husemwa kifo cha wengi harusi.
Mwaka ule, mjini Walsall, harusi ilikuja kweli,
Alhamisi, saa mbili usiku:
mtaa mzima ukatoka milangoni
na sufuria, miiko, mifuniko,
mtoto wa nyumba nambari kumi na nne akipuliza filimbi ya refa,
wakinipigia makofi mimi
niliyekuwa nakwenda kazini
na mfuko mweusi wa taka mkobani,
ambao ningeutoboa matundu matatu, nikauvaa.

Sikujua uso niuweke wapi.
Nikapunga mkono kama bibi harusi.

Bwana Horace Timmins, chumba cha sita,
alishona matandiko ya farasi miaka arobaini na mmoja.
Vidole gumba vyake vilikuwa vigumu kama kwato.
Usiku ule alipapasa shuka akitafuta mshono.
Mwanawe akapiga kutoka Calgary,
nikaishika simu sikioni mwa baba yake,
glavu mbili juu ya mkono mmoja.
Alieleza habari za theluji,
za mbwa,
za deni la zamani la baiskeli.
Baba, unanisikia?
Baba alikuwa ameondoka tangu kwenye theluji.
Nikamwacha amalize.
Mpaka leo sijui kama niliiba au nilitoa.

Bi Edna Purshall. Bwana Gurmej Chumber, na redio yake.
Wiki ya Pasaka tulitoa tisa.
Wabebaji walipitia mlango wa jikoni.
Hakuna aliyeoshwa na mkono aujuao,
hakuna matanga, hakuna chai ya msibani yenye sukari ya kupita kiasi,
hakuna hata yule jirani
wa kuniambia ndiyo kazi ya Mungu
nami nimkasirikie.
Kila jioni televisheni ilisoma hesabu
kama bei za korosho.

Na wewe, Rosalinda.
Neno moja tu la kwetu ulijifunza, pole,
ukalitumia kwa kila kitu,
hata kwa mkate ulioungua.
Jumapili ile zamu ilikuwa yangu.
Nilisema kichwa kinaniuma.
Kilikuwa kinauma kweli. Kidogo.
Ukasema, lala, nitakwenda mimi.

Siku kumi na sita.

Kandambili zako za kijani zilikaa chini ya kabati hadi Agosti.
Tulizisogeza tukifagia,
tukazirudisha.

Sasa kila Machi napanda treni hadi London,
kwenye ule ukuta mrefu kando ya mto,
unaotazamana na Bunge,
wenye mioyo myekundu, mmoja kwa kila aliyekwenda.
Mvua huipausha. Wino hauna subira.
Watu wa kujitolea hupita na makopo ya rangi
wakiirudishia damu;
mimi huja na kalamu yangu.

Jina lako ni refu, mama.
Rosalinda Magbanua.
Moyo uliishia kwenye M.
Herufi zilizobaki zikavuka kwa jirani,
ambaye jina lake limefutika,
yamesalia maneno "babu yetu" tu.
Nikambishia hodi. Babu, utuwie radhi,
sogea kidogo,
kama tunavyosogezana kwenye mkeka wa msiba
anapoingia mtu na viatu mkononi.

Kisha nikaketi chini, pale pale kwenye saruji,
mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha,
watalii wakiniruka na aiskrimu zao.
Askari mmoja kijana akainama,
akauliza kama niko salama.
Nikamwambia nimekaa matanga.
Akasema sawa, usiwe na haraka,
ingawa nilikuwa nimemjibu kwa Kiswahili.