Pindo la Gari

Kilikuwa kinaning'inia mbele ya tairi la kulia,
kipande cha plastiki nyeusi, urefu wa shibiri,
kikikwaruza lami tangu lile tuta la Sinza
ambalo sikuliona, maana nilikuwa nahesabu vifungo kichwani.

Fundi Anyelwisye akachuchumaa,
akakinyofoa kwa mkono mmoja kama jino la mtoto.
"Pambo tu hili, mama. Wajapani wana mambo."
Akakitupa kwenye ndoo ya skrubu zilizokufa.
Nikakiokota.

Mimi ni mshonaji. Magomeni, kibanda cha tatu
ukitokea kwa muuza mkaa.
Miaka ishirini na miwili nalisikia neno hilo,
pambo tu,
kwa wateja wanaotaka nipunguze bei
nisipige pindo.
"Nani ataliona? Si liko kwa ndani?"
Huwajibu: vaa, fua mara tatu, kisha urudi.
Hurudi. Kitambaa kimechanua nyuzi mpaka gotini,
na nyuzi zikishaanza safari
hazina wa kuziita.

Basi nikakiweka kile kidude kando ya cherehani,
nikakikagua kama mshono wa fundi nisiyemjua.
Aliyekikata alikuwa na sababu.
Ukingo umepinda kidogo, si kwa bahati mbaya.
Na upande wa kushoto pacha wake bado yupo.

Tairi, nikawaza, ni mtu mnene aliyesimama mlangoni.
Upepo unamgonga kifua,
unajipenyeza chini ya fenda,
huko unazungushwa, unakorogwa,
unatoka umefumuka,
na upepo uliofumuka hushika gari shati kwa nyuma.
Labda hiki kidogo husimama mbele ya mnene
kikauambia: pitia pembeni, usimguse.

Labda. Mimi siamini kitambaa nisichokivuta.

Jumapili, saa kumi alfajiri,
nikakata uzi mwekundu wa sufu,
mabaki ya sweta la kichanga wa jirani,
vipande kumi fenda ya kushoto, kumi ya kulia,
nikavibandika kwa gundi ya karatasi.
Nurdini, mtoto wa kaka, akapanda pikipiki yake
na tochi mdomoni.
Kimara hadi Kibamba, njia tupu, pana kama uwanja,
mara yuko kushoto kwangu, mara amehamia kulia.
Nilishika usukani kama ninavyoshika hariri,
mshale kwenye sabini.

Tulipoegesha alikuwa anatetemeka kwa baridi.
"Shangazi, za kushoto zimelala
kama nywele zilizopakwa mafuta.
Za kulia zinapigana. Mbili zimeng'oka."

Nikakishona mwenyewe.
Sindano nikaitia moto, nikachukua uzi wa turubai,
mshono wa kurudi nyuma, fundo kwa ndani.
Anyelwisye alipouona alicheka hadi akakohoa,
kisha akalala chali chini ya gari
na huko chini akanyamaza kitambo.
"Sasa umeokoa mafuta kiasi gani?"

Sijapima. Kijiko, pengine.
Haba na haba hujaza kibaba, lakini hii ni haba ya haba,
na Jumatatu yote ile nimekaa Ubungo kwenye foleni,
ambako hakuna upepo wa kuonyeshwa njia,
kuna jasho, na honi,
na kijana wa karanga anayegonga kioo kwa shilingi.
Chini ya fenda pindo langu limekaa tu, halina kazi.

Lakini gauni likiwa kabatini
hatulifumui pindo.

Taa ikawaka kijani.
Tukasogea mita kumi, tukasimama.