Maandishi ya Nyuma

Fundi Righa aliniuliza aandike nini
kwenye ubao wa nyuma wa mkokoteni,
nami, kwa kuwa mahubiri ya jana yake yalinichoma,
nikamwambia: YESU ANAONA.
Akaandika kwa rangi nyekundu, akatoza mia tatu.
Herufi ya mwisho ilibanwa kidogo na msumari.

Sikujua nimejifanyia nini.

Mimi hukaa mbele, kati ya mikono miwili ya mti,
kifua kimeinama, macho kwenye mashimo ya Majengo.
Ubao sijauona tangu rangi ikauke.
Wanaouona ni walio nyuma:
tuktuk inayonipigia honi nisogee,
watoto wanaotoka madrasa,
mama aliyekwisha kunilipa, akabaki mlangoni
akinisindikiza kwa macho.

Mitungi ishirini, lita ishirini kila mmoja.
Na wiki ambayo mifereji imekauka kisiwa kizima,
maji matamu ni foleni ya tangu saa tisa za usiku;
kisima cha nyuma ya gereji hakina foleni,
kina chumvi.
Kumi na mmoja ya tamu, tisa ya chumvi,
ukiipanga vizuri nani atajua?
Niliipanga hivyo miaka,
na kila Jumapili niliimba besi.

Bi Mwanaesha, wa mlango wa kijani,
alikinga kiganja, akaonja, akatema kando.
Hakupiga kelele. Alinilipa zote, hata shilingi hakupunguza.
"Mwanangu," akasema, "dini yako mimi siijui.
Ila neno lako wewe hulioni, uko mbele.
Mimi ndiye nilisomaye."

Mkokoteni ulikuwa mtupu.
Sijawahi kuvuta mzigo kama ule.

Alfajiri nikapanga foleni,
nikarudi na mitungi tisa ya tamu, mlango kwa mlango.
Kinyozi Katana alicheka, akapokea wake,
akadai na wa mwezi jana.
Mwingine alisema, wala hakukumbuka, weka hapo.
Bi Mwanaesha alikuwa amekwenda Kisauni kwa bintiye.
Nilitaka, sitaficha, nilitaka sana
mtu mmoja aone.
Siku hiyo hakuna aliyetazama.

Nikampelekea Righa ubao aufute.
"Kufuta pia mia tatu," akasema,
na mimi nilikuwa nimegawa maji bure.
Basi likabaki.

Tangu hapo naishi na watu wanaonisoma.
Nikimtukana dereva, ubao uko pale.
Nikimpita mzee Mwakio na kidoo chake kitupu,
nikijifanya sijamsikia, ubao
umemwambia tayari, kabla sijapinda kona.
Kuna siku naukasirikia.
Kuna siku ndio unaonishika shati.

Masika mawili yamelila lile jina.
Limebaki neno moja, jekundu, limepauka.
Jana mtoto wa madrasa, kofia mkononi,
alinifuata hadi kwa muuza mahamri,
akasoma kwa silabi: a-na-o-na.
"Nani anaona?"

Nilitafuta jibu la kanisani, sikulipata.
Nikashusha mtungi mmoja,
nikajaza kifuniko, nikampa.

Onja kwanza.