Funika Chungu

Saham, usiku wa kuamkia Ijumaa, uani kwa Bi Thuwaiba bint Sangur,
kiyoyozi kimezimwa ili moshi wa ubani utulie.
Ngoma ndefu wao huiita msondo,
na kwetu Kivinje ni msondo vilevile.
Neno lilivuka bila pasi;
mimi nilingoja viza miezi saba.

Nimeajiriwa kumwogesha bibi,
kumpima sukari, kumgeuza ubavu.
Mchana hajui jina langu, mimi ni bint tu.
Lakini debe likigongwa, zumari ikilia,
anakaa wima mwenyewe,
na sauti inayomtoka si ya mtu mwenye meno matatu:

Funikashungu, Manaidi, mbuyaja.
Funikashungu, Manaidi, mbuyaja.

Wote wanainamisha vichwa.
Mjukuu wake, Nasib, fundi wa kreni bandarini Sohar,
ananinong'oneza kwa Kiarabu:
"Hayo ni majina ya wazee watatu, wa huko.
Maana yake hakuna ajuaye. Tumerithi hivyo."

Nimeshika sinia la halwa, vidole vimekufa ganzi.
Maneno hayo mama yangu kayasema mara ngapi,
jiko la nje, wingu limeshuka hadi kwenye minazi,
yeye kajitwika kuni, anapaza sauti kutoka njiani:
Funika chungu, Mwanaidi, mvua yaja.

Kumbe ndiyo hayo.
Si dua, si majina ya wazee.
Mtoto alikuwa kando ya mafiga,
akatumwa kazi ndogo,
na kazi haikuwahi kwisha.

Chungu kimekaa wazi vizazi vinne,
huku ambako mvua ikidondoka
watu husimamisha magari barabarani waipige picha.

Nimwambie Nasib?
Ana wazee watatu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa.
Nimpokonye wote,
nimwachie chungu?

Saa nane wageni wametoka. Namfuta bibi jasho,
macho yamerudi kuwa ya mgonjwa.
Nikainama sikioni, nikasema kwa Kiswahili cha nyumbani,
taratibu, kama anayejibu simu ya mbali:
"Nimekifunika, bibi."

Akanitazama kitambo.
Kisha akaomba maji, kwa Kiarabu.
Akanywa nusu gilasi,
na iliyobaki
akaifunika kwa kiganja.