Masalia

Usiku wa kuamkia mnada, ghala la ushirika, Tandahimba.
Magunia yamepandana mpaka kwenye kenchi,
vumbi la katani limenikaa kooni,
na mimi, Somoe Nandonde, karani,
nabishana na neno moja kwenye kioo cha kompyuta:
gawanya.

Ni fanksheni. Imo ndani ya programu huria
tuliyoichukua bure, kama mtu aombavyo mbegu kwa jirani
akaondoka bila kuuliza hupandwa vipi.
Unaipa uzito. Unaipa orodha ya wakulima.
Unaipa na kitu cha tatu, ndiyo au hapana,
ambacho hakuna aliyejua ni cha nini.
Nikafungua maelezo. Maelezo yakasema:
"Gawanya: hugawanya."
Basi.
Ahsante. Na maji hulowesha.

Wiki ya tatu hii Abdala Chilumba anazidi.
Kilo moja, kilo mbili, si nyingi,
lakini korosho ni korosho, na watu wana macho.
Wananong'ona kwamba karani kapata shemeji.
Sina shemeji.
Nina orodha inayoanza na A.

Kwenye mlango wa ghala la zamani kuna maandishi ya mkaa:
SALFA. MTI MKUBWA ROBO KILO.
PULIZA ALFAJIRI, UMANDE HAUJAKAUKA.
USISIMAME UPEPO UNAKOELEKEA. MIMI NILISIMAMA.
Hajulikani aliyeandika. Herufi zimelala upande
kama za mtu aliyeandika huku jicho moja linawasha.
Mkaa ulipofifia, mwingine akaupitia upya.
Chini yake, kwa chaki, mkono wa tatu:
mti mdogo nusu yake.

Nikaacha kusoma, nikaanza kuhoji.
Kilo kumi, watu watatu, ndiyo:
nne, tatu, tatu.
Kilo kumi, watu watatu, hapana:
tatu, tatu, tatu,
na ile moja?
Niliisaka kama shilingi iliyobingiria chini ya kabati.
Haikuwapo. Haikulia hata ilipoanguka.
Nikaipindua orodha, nikamtanguliza Zubeda Mnyalu:
Zubeda akapata nne.

Kumbe ni masalia,
na masalia humdondokea aliye mbele.

Saa tisa usiku. Bando linakaribia kukata,
taa inakonyeza.
Nikaandika kwa Kiswahili kwanza, nijielewe,
kisha kwa lugha yao, nieleweke:

Gawanya hugawa uzito kwa kilo kamili.
Ukisema ndiyo, kinachobaki hupewa wa kwanza kwenye orodha.
Ukisema hapana, kinachobaki hupotea, wala huambiwi.
Usiitumie kulipa watu kabla hujahesabu masalia.
Mimi niliitumia.

Nikatuma. Nikalala juu ya magunia.

Siku ya tisa mwenye programu akajibu
kutoka nchi ambako, alisema, theluji ilikuwa imeziba mlango.
Aliiandika miaka sita nyuma, kugawa viti vya ukumbi.
Alikuwa amesahau hata yeye.
Kanishukuru, karekebisha mkato mmoja,
kaniomba nifute sentensi ya mwisho:
si desturi, alisema, maelezo hayasemi "mimi".

Nikaifuta.
Nikanywa chai.
Nikairudisha.
Hakusema kitu tena, na asubuhi yake
nikaikuta imeingia, na "mimi" yake.

Siku ya malipo masalia yana mstari wake,
chini kabisa, mbele ya macho ya wote.
Abdala Chilumba kasimama dirishani
na karatasi yake kaishika mbali na uso.
"Kilo zangu mbili za kila wiki ziko wapi?"
Nikamweleza. Nikamsomea.
Akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.
"Kwa hiyo herufi ndiyo iliyokuwa ikinizidishia?"
Ndiyo.
"Si watu."
Si watu.
Akaikunja karatasi mara nne,
lakini dirishani hakuondoka,
na foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.