Ile Tatu

Nilianzia Ngamiani, Barabara ya Nane,
nikaishia ya Kumi na Nne, shati limenigandama mgongoni.
Mkobani fomu mia mbili na kumi,
kila fomu maswali ishirini na moja,
kila swali na ngazi zake, sifuri hadi tano.
Na juu kabisa, kabla hata ya umri: ASILI.
Mwafrika. Mwarabu. Mhindi. Nyingineyo.

Bi Mwanasiti alizika wanawe wawili mwaka mmoja.
"Tangu yakufike, umejiona una nguvu kuliko ulivyodhani?"
Akapeta mchele, akapuliza makapi.
"Nguvu nilikuwa nazo, mwanangu.
Nilichojifunza ni kuchoka vizuri."
Fomu haina ngazi ya kuchoka vizuri.
Nikaandika tatu.

Jayantilal, aliyeunguliwa na duka la vitasa,
alijibu tano, tano, tano,
upesi, kama anayerudisha chenji.
Mlangoni akanishika kiwiko:
"Yupo aliyekwambia sifuri?"
Yupo, nikasema.
"Huyo mpe salamu zangu."

Kule Pongwe, kambi ya mkonge,
Anjelika Nachinuku, mjukuu wa manamba,
mkono wa kulia uliliwa na korona.
Akatia saini kwa kushoto, herufi zinalala.
"Umeandika hapa *kukua*. Mimi nilipinda.
Kupinda mnakuweka wapi?"

Shaweji, baba Mshihiri, mama Mdigo,
alichora mstari mrefu juu ya visanduku vyote
kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba.
Kompyuta ilimkataa mara tatu.

Usiku Chumbageni, feni inazunguka na joto lilelile,
wastani ukatoka:
tatu nukta nne, tatu nukta moja, nne nukta mbili.
Tofauti, mashine ikaapa, si ya kubahatisha.
Chuoni watafurahi. Nitapanga nguzo za rangi,
ndefu, fupi, ndefu,
na msomaji ataona watu wa huku wamekua, wa kule bado.

Nikamkumbuka nyanya yangu,
aliyekwenda dukani na kibaba chake mwenyewe
kwa kuwa cha muuza kilibonyea kitako.
Hakugombana. Alikiweka tu mezani, kando ya kile kingine,
akasubiri.

Mimi sikuwa na cha kuweka kando.
Nimezipitia fomu zote mara ya pili,
natafuta kosa la mtu mwingine.

Ile tatu ya Bi Mwanasiti
niliiandika mimi.