Bila Samahani

Magari yenye masinia juu ya paa yaliegeshwa kwenye nyasi,
matano, kisha tisa,
mbele ya makao ya wazee, hapa Morecambe,
na msimamizi akaniambia, "Mvalishe Norris sweta la buluu,
hilo la kijivu halipendezi kwenye kamera."

Nikamvalisha. Mkono wa kulia kwanza,
maana haunyooki tangu mwaka wa sitini na tatu.
Faili linasema: alianguka.
Alikuwa na miaka tisa alipoanguka
kule Hollins, nyumba ya watoto juu ya kilima,
ambako watoto, kwa mujibu wa mafaili,
walikuwa wakianguka sana.

Mwandishi alikuwa kijana, viatu safi, wala si mtu mbaya.
Alimwomba Norris atazame dirishani,
"kwa huzuni kidogo, ukiweza."
Norris akatazama. Lori la maziwa likapita, likaharibu sauti.
Wakamwomba ahuzunike tena.
Mara ya tatu alinigeukia mimi, akanong'ona
kama leo kuna supu ya njegere.

Jioni tulikaa sote mbele ya runinga.
Bwana mkubwa wa baraza alisimama mvuani,
mtu kamshikia mwavuli,
karatasi yake imo ndani ya plastiki isilowe,
akasoma: kama kuna yeyote aliyeumia.
Kama!
Nikacheka, na sikuwa na wa kumweleza.
Kwetu kama ni neno la shaka,
kama ni neno la mfano,
na ukiwa na ng'ombe na ndoo, kama ni amri.
Walikuwa wamemkama mzee tangu asubuhi.

Kisha akalitoa lile neno lao, sori.

Kiingereza ni maskini hapo. Neno moja tu
lifanye kazi ya msibani na ya kizimbani,
ukijikwaa wanakupa hilo,
wakikukanyaga wanakupa hilohilo.
Sisi tuna pole, ya mpita njia aliyekukuta umeshaanguka,
na tuna samahani,
ya mwenye mguu uliokutega.

Bwana yule alisoma sori mara nne.
Nilizichambua moja moja kama mchele kwenye ungo:
pole,
pole,
pole,
na ya nne, ya kuwachelewesha waandishi kwenye baridi,
ndiyo pekee iliyokuwa samahani.

Siku tatu simu haikupoa.
Gazeti moja liliweka picha ya mkono peke yake,
mkono bila Norris, ukurasa mzima.
Mtu akaleta maua, bei ingali imebandikwa.
Mwanamke kutoka Leeds alilia kwenye sebule yetu
mpaka tukamtafutia kiti.
Siku ya nne waziri fulani akafumaniwa huko kusini
na magari yote tisa yakaondoka kabla ya chai,
yakaacha mifereji ya matairi kwenye nyasi
ambayo Hesketh, mtunza bustani, aliilaani wiki nzima.

Usiku ule, nikimpaka Norris mafuta kwenye kiwiko,
aliniuliza nilikuwa nacheka nini.
Nikamfundisha maneno yetu mawili.
Aliyazungusha kinywani
kama anayejaribu meno mapya ya bandia.
Hakusema kitu.
Sikujua kama ameyameza au ameyatema.

Asubuhi kikombe kilimponyoka,
chai ikanimwagikia mkono mzima.
Akaniangalia. Midomo ikatafuta, ikatafuta.
"Sama... hani," akasema,
herufi ya h ikamtoka na pumzi yote.

Sikuwa nimelisikia neno hilo likisemwa mji huu
na mtu yeyote, kwa jambo lolote.
Nikamjibu tunavyojibu nyumbani, bila kufikiri:
"Bila samahani."

Akauliza hiyo ina maana gani.
Nikamwambia, nikifuta meza:
usijali, yamekwisha. Ila ukilitafsiri neno kwa neno
ni kama kusema, pasipo kuombwa radhi.

Norris akaitazama runinga iliyozimwa.
"Aa," akasema. "Hiyo naijua."